Hawakupanda kwa Soko Huria

Mwaka 2008 Wizara ya Ulinzi ya Korea Kusini ilitoa orodha ya vitabu 23 ambavyo askari wake hawakuruhusiwa kuwa navyo kambini. Kimojawapo kilikuwa Bad Samaritans, kitabu cha uchumi cha Mkorea mwenzao, Ha-Joon Chang, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Ndani yake hamna mwito wa mapinduzi. Kinazungumzia ushuru wa forodha, hataza, mikopo na mashirika ya umma. Wala mwandishi si mkomunisti: katika kitabu chake cha mwaka 2010, 23 Things They Don't Tell You About Capitalism, anasema waziwazi kwamba pamoja na kasoro zake zote, ubepari bado ndio mfumo bora wa uchumi ambao binadamu ameubuni. Alichofanya ni kueleza jinsi ubepari ulivyojengwa hasa, nchi baada ya nchi, na maelezo hayo yanabomoa imani ambayo serikali nyingi zimeifanya msingi wa sera zao.

Imani hiyo tunaijua. Kila msimu wa bajeti, Dodoma na Nairobi, huwa kuna mtaalamu wa kuisimulia upya. Mataifa tajiri, anasema, yalitajirika kwa kufungua milango. Serikali zilikaa kando, soko likaamua, na bidhaa zikaingia na kutoka bila kizuizi. Nasi tukitaka kufika walikofika, tupite njia hiyohiyo. Wanaoyasema haya mara nyingi ni watu wasomi na wenye nia njema. Hata hivyo wanachokisema si kweli, tena hakikosei kwa kiasi kidogo. Nchi zilezile wanazozitolea mfano zilifanya kinyume chake.

Chukua Uingereza, inayoitwa mama wa biashara huria. Pamba ya India ilikuwa nzuri na rahisi kuliko kitambaa chochote ambacho Mwingereza aliweza kufuma. Jibu la Bunge la London halikuwa kuliachia soko. Sheria ya mwaka 1700 ilipiga marufuku kuingizwa kwa vitambaa vya pamba vilivyochapwa kutoka Asia, na ya mwaka 1721 ikawakataza raia hata kuvivaa. Mwaka huohuo Robert Walpole alipanga upya forodha yote: malighafi za viwandani ziingie kwa ushuru mdogo, bidhaa zilizokamilika zitozwe ushuru mkubwa, na wenye viwanda wanaouza nje wasaidiwe. Baada ya zaidi ya miaka mia moja ya ulinzi wa namna hiyo, viwanda vya Manchester vikiwa havina mshindani duniani, ndipo mwaka 1846 Uingereza ilipofuta sheria za nafaka na kuanza kuhubiri milango wazi. Wakati huo ilikuwa inahubiri kile kinachomfaa aliyekwisha kushinda.

Mjerumani Friedrich List aliliona jambo hilo na kuliandika mwaka 1841: aliyefika juu anaipiga teke ngazi aliyopandia ili wengine wasimfuate. Ndipo Chang alipopata jina la kitabu chake cha mwaka 2002, Kicking Away the Ladder. List mwenyewe alikuwa ameishi Marekani na kujifunza huko, kwa sababu nadharia ya kulinda viwanda vichanga ilipata umbo lake kwa Mmarekani Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa nchi hiyo, katika ripoti aliyoipeleka kwenye Bunge mwaka 1791. Picha yake ingalipo kwenye noti ya dola 10. Kufikia mwaka 1875 wastani wa ushuru wa Marekani kwa bidhaa za viwandani kutoka nje ulikuwa kati ya asilimia 40 na 50, na kwa zaidi ya karne moja nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizolinda soko lao kwa ukali zaidi duniani. Ilipolegeza baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa tayari kinara wa viwanda. Mwandishi wa bajeti wa leo angekwenda na ushuru wa namna hiyo Washington kuomba mkopo, angerudishwa mlangoni.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Korea yenyewe, kwa sababu si wa zamani. Chang alizaliwa Seoul mwaka 1963. Mwaka 1961 pato la Mkorea lilikuwa dola 82 kwa mwaka, chini ya nusu ya lile la Mghana wa wakati huo. Samsung ilikuwa imeanza mwaka 1938 kwa kuuza samaki, mboga na matunda. Serikali ilipotaka kujenga kiwanda cha chuma, nchi haikuwa na madini ya chuma ya kutosha, haikuwa na makaa ya mawe ya kufaa, haikuwa na fedha wala ujuzi. Benki ya Dunia ilikataa kuunga mkono mradi huo, na kwa hesabu za kawaida za soko ilikuwa na haki ya kukataa. Wakorea walitumia fedha za fidia kutoka Japani, wakaunda shirika la umma, POSCO, mwaka 1968, wakaliweka mikononi mwa jenerali wa jeshi. Tanuri za Pohang zilianza kutoa chuma mwaka 1973. Shirika hilo likaja kuwa miongoni mwa wazalishaji bora wa chuma duniani, na halikukamilika kubinafsishwa hadi mwaka 2000. Kila kanuni tuliyofundishwa ilivunjwa hapo, na matokeo yake yanatembea barabarani kwetu yakiwa na nembo ya Hyundai na Kia.

Japani ilikwishatangulia. Toyota, kampuni iliyotokana na biashara ya mashine za kufumia nguo, ilianza kuuza magari yake Marekani mwaka 1958 na ikaaibika. Kufikia hapo serikali ya Japani ilikuwa imelinda kampuni zake za magari kwa miaka zaidi ya ishirini: iliwafukuza General Motors na Ford mwaka 1939, na Benki Kuu ikaiokoa Toyota ilipokaribia kufilisika mwaka 1949. Mwaka 1958 wapo Wajapani waliosema waziwazi kwamba nchi iachane na ndoto ya magari, irudi kwenye hariri. Wangesikilizwa, huku kwetu tusingekuwa na neno Land Cruiser.

Chang anaieleza hoja hii kwa mfano wa mwanawe aliyekuwa na miaka sita. Mtoto huyo angeweza kutafutiwa kibarua. Watoto wengi wa umri wake duniani wanafanya kazi. Angejitegemea mapema, na baba angeokoa ada. Ila asingekuwa daktari maisha yake yote. Kinachonipendeza katika mfano huo ni kwamba unabeba pia upande wa pili: baba anayemlipia mwanawe shule hadi miaka arobaini naye amempoteza. Kumlinda mtoto kuna tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na katikati kuna mitihani.

Hapo ndipo wanaotetea soko huria hunitajia Morogoro, na nataka nijibu bila kukwepa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa miaka ya 1970 kwa matumaini ya kuuza viatu Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, hakikuuza nje jozi hata moja, na mwaka 1990 kilifungwa. Ni kweli tupu, na ni aibu yetu. Lakini kwanza, fedha zake zilitoka Benki ya Dunia, taasisi ileile iliyoikatalia Korea chuma. Pili, tazama kilichokosekana. Serikali ya Korea iliwapa wenye viwanda mikopo nafuu na soko la ndani lililolindwa, kisha ikawadai wauze nje kwa viwango vilivyopangwa. Aliyeshindwa alinyang'anywa mkopo, na wengine walifilisiwa. Sisi tulitoa ulinzi bila kudai chochote. Meneja wa shirika la umma alijua kwamba hasara italipwa na Hazina, mwaka huu na mwaka ujao. Kosa letu halikuwa kuthubutu kujenga viwanda. Lilikuwa kutowafukuza walioviua, na kosa hilo halirekebishwi kwa kuviuza vyote kwa bei ya kutupa na kuvigeuza maghala.

Wako pia wanauchumi makini wanaompinga Chang, na Douglas Irwin wa chuo cha Dartmouth ni mmoja wao. Anasema Chang anachagua nchi zilizofaulu na kuzisahau zilizolinda viwanda zikabaki maskini. Na kwamba Marekani ilikua kwa ardhi yake, wahamiaji wake na soko lake kubwa la ndani, pengine licha ya ushuru. Hoja hiyo ina uzito. Haithibitishi, hata hivyo, kwamba mlango wazi ndio ulioleta utajiri, na hilo ndilo tunaloambiwa tuliamini. Kama ushuru mkubwa haukuizuia Marekani kuwa taifa tajiri kuliko yote, basi wanaotuonya kwamba ushuru wowote utatuua wana deni la kueleza.

Na sisi soko huria tumeshalijaribu. Kenya ilianza kupokea mikopo ya marekebisho ya uchumi mwaka 1980. Tanzania ilisaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya Mwalimu Nyerere kung'atuka. Kwa hesabu anazotoa Chang, pato la kila mtu katika Afrika kusini mwa Sahara lilikua kwa asilimia 1.6 kwa mwaka katika miaka ya 1960 na 1970, miaka tunayofundishwa kuidharau. Kuanzia 1980 hadi 2009 lilikua kwa asilimia 0.2. Najua vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuporomoka kwa bei ya kahawa vina sehemu yao katika hesabu hiyo. Ila dawa iliyoahidiwa kumwinua mgonjwa, akainywa kwa kizazi kizima na kubaki alipo, haiwezi kuendelea kuitwa dawa.

Tulipojaribu kufanya alichofanya Walpole, tuliona nani ameshika ngazi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua hadi 2019 ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, nayo ikatishia kutufungia AGOA, mpango ulioziruhusu bidhaa zetu kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegea. Rwanda peke yake ilisimama, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Mwaka huohuo, 2018, Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa chuma cha kigeni ili kulinda viwanda vyake. Mwaka 2024 ikapandisha ushuru wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100. Wa kulaumiwa kwanza hapa ni sisi wenyewe, tulioendelea kurudia somo ambalo mwalimu wake amelitupa.

Sidai kwamba mitumba ipigwe marufuku kesho asubuhi. Maelfu ya kina mama wanalisha watoto kwa marobota ya masoko ya Gikomba, Nairobi, na Karume, Dar es Salaam, na marufuku isiyo na kiwanda cha kushika nafasi ni ukatili. Ninachodai ni kwamba wanaojadili mikataba kwa niaba yetu waache kuingia mezani wakiwa wamekwisha kukubali hadithi ya mwenzao. Tanzania ilipokataa mwaka 2016 kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, hata rais mstaafu Benjamin Mkapa, ambaye serikali yake ndiyo iliyobinafsisha mashirika mengi, aliandika kuupinga mkataba huo kwa sababu ya viwanda vyetu. Kenya ilisaini peke yake Desemba 2023, na Julai 2024 mkataba ukaanza kutumika; milango yake ilipangwa kufunguka polepole kwa muda wa hadi miaka 25. Wabunge wa Nairobi wanapaswa kuiuliza serikali, bidhaa kwa bidhaa: katika miaka hiyo 25 ni kiwanda gani kinalindwa, kimeahidi kuuza nje kiasi gani, na kikishindwa, nani ataamua kwamba kisiongezewe hata shilingi.