Anayeijengea Serikali Shule Asiachwe Peke Yake

Ukipita katika vijiji vya Tanzania utayaona maboma. Kuta zimesimama hadi kwenye linta, paa hakuna, na majani yameanza kuota pale ambapo watoto walipaswa kuketi. Wananchi walichimba msingi, wakafyatua tofali, kina mama wakasomba maji na mchanga, nguvu zikaishia hapo. Kwa utaratibu tuliouzoea, wananchi wakifika kwenye linta halmashauri huleta fedha za kupaua. Huchelewa mara nyingi, tena mno, lakini kanuni yenyewe ni ya haki: aliyetangulia kwa jasho, serikali humfuata kwa mbao na bati.

Kanuni hiyo ndiyo ninayoliombea kundi jingine, yaani taasisi za hisani zinazosaidia shule za umma bila kutafuta faida. Nyingine ni kubwa na zina ofisi mijini. Nyingine ni watu thelathini tu waliosoma shule moja, wakarudi baada ya miaka mingi wakakuta maabara haina hata bomba la maji, wakaona haya. Hao ndio wanunuao madawati na vitabu, wachimbao visima, na wajengao mabweni ili mabinti wa sekondari za kata wasipange mageto mitaani.

Mwaka 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Heri kubwa hiyo, na asiitweze mtu. Watoto walifurika madarasani. Hata hivyo ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilibaki shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kile kile kilichopangwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002. Mwalimu mkuu anajua fedha hiyo inavyokwisha kwa chaki na karatasi za mitihani.

Sasa tupige hesabu. Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano ya UVIKO-19, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Taasisi ikijenga madarasa mawili kama hayo, imeiondolea Hazina mzigo wa milioni 40. Na Hazina imeifanyia nini taasisi hiyo? Imeitoza kodi! Saruji ya dukani ina kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Bati na nondo vivyo hivyo. Ikinunua vifaa vya milioni 10, milioni 1.8 nyingine huondoka kwa kodi, na darasa hilo ni mali ya umma tangu tofali la kwanza. Taasisi kubwa yenye mkataba na serikali ina mlango wa kuomba msamaha. Kikundi kidogo hakiujui mlango huo uko wapi, na hata kikiujua, nauli ya kuufuatilia Dodoma ingetosha kununua madawati kadhaa.

Sheria yetu si ngeni kwa jambo hili. Mfuko wa Elimu, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, humpa mchangiaji nafuu ya kodi ya mapato. Basi nafuu hiyo iteremke hadi kwa anayechangia shule ya kata kupitia taasisi ndogo iliyosajiliwa. Na Mfuko huo uitie nguvu kila taasisi iliyo hai: ikileta shilingi, nao uweke shilingi.

Nasikia wakisema: fedha zitaliwa na taasisi za mfukoni. Hofu hiyo ina msingi, nami sitaki senti moja iende kwa asiye na vitabu vya hesabu. Lakini Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali yupo, taarifa za kila mwaka zinadaiwa, na tangu mwaka 2018 kanuni zinataka fedha inayozidi shilingi milioni 20 itangazwe hadharani. Asiyetimiza hayo anyimwe. Anayetimiza kwa nini aadhibiwe kwa dhambi ya mwenzake?

Lipo jambo linaloniuma zaidi. Shule yenye wahitimu mawaziri na wafanyabiashara hupata wafadhili upesi. Shule ya porini haina wa kuisemea. Serikali ikitoa sawa kwa sawa, itamwongezea aliyeshiba. Kwa hiyo katika wilaya maskini shilingi moja ya hisani ifuatwe na mbili za Hazina, au tatu. Na mshahara wa mwalimu usiguswe kabisa na mipango hii: huo ni deni la serikali peke yake, na hisani isifanywe kisingizio cha kulikwepa.

Waheshimiwa wabunge, Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Muswada wa Sheria ya Fedha ukifika mezani, ombeni kifungu kimoja tu cha kuanzia: saruji, bati na nondo za shule ya umma, zikithibitishwa na mkurugenzi wa halmashauri, zisitozwe VAT, hata kama mnunuzi ni kikundi cha watu thelathini.