Turudishieni Meli Zenye Adabu

Mama yangu aliachwa na meli mara moja tu maishani mwake, katika bandari ya Itungi, Desemba ya mwaka 1989, na mpaka leo namshukuru baharia aliyemwacha.

Tulikuwa tumetoka Iringa mjini. Vijana huenda wasijue, lakini wakati ule mkoa wa Iringa ulikuwa na ufukwe. Ludewa ilikuwa wilaya yetu, na Ludewa inateremka kutoka milima ya Livingstone mpaka kulowesha miguu yake katika Ziwa Nyasa. Ufukwe huo tuliupoteza mwaka 2012, ulipozaliwa mkoa wa Njombe. Hata ulipokuwa wetu, mtu wa mjini aliyetaka kwenda Lupingu, kwao mama, alikuwa na njia mbili. Ama afike Ludewa kisha ateremke mlima magoti yakimtetemeka, mzigo kichwani, ama azunguke. Mama alikuwa na mimi, mwenye miaka tisa, na mdogo wangu wa miaka minne. Tukazunguka. Basi mpaka Mbeya, tukalala. Asubuhi basi jingine, Tukuyu na baridi yake na migomba yake, halafu mteremko wa kwenda Kyela, ambako unaanza kuvua sweta kabla hujashuka garini.

Pale Itungi baharia alisimama juu ya ngazi, shati jeupe limepigwa pasi, akihesabu watu kwa njiti za kiberiti. Kila wakipita kumi, njiti moja ilitoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia. Nilizifuata zile njiti kwa macho kama mchezo. Tulipofika mbele yake mfuko wa kushoto ulikuwa mtupu.

“Shikamoo, mama. Naomba unisamehe, meli imejaa.”

Mama akasema ana watoto wawili tu, na mmoja atampakata. Akasema Krismasi imebaki siku nne. Akamtaja babu. Mwisho akafungua pochi. Yule kijana akaifunga ile pochi kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anamfunga mtoto kifungo, akasema, “Alhamisi ijayo, mama, utapanda wa kwanza.”

Krismasi ile tulikula ugenini Kyela, kwa ndugu wa mbali, mama amenuna. Alhamisi ikafika. Watu wamejazana, mabegi vichwani, na kabla hajaruhusu hata mguu mmoja kukanyaga ngazi, baharia yule yule akapaza sauti: “Yule mama wa Lupingu yuko wapi?”

Meli ya namna hiyo ndiyo ninayoililia. Sililii chuma chake. Chuma huzeeka, na zile meli za abiria za Ziwa Nyasa, MV Iringa na MV Songea, zilizeeka mchana kweupe sote tukitazama. Ninalilia madaha yake. Ilikuwa chombo kidogo, cha watu wasiojaza hata shule moja ya msingi, lakini ukikanyaga sitaha yake ulijua umeingia kwa watu. Siku hizi ukipanda chombo cha maji unajua umeingia kwenye mashine ya kuhamisha watu.

Safari ilianza mchana. Milima ya Livingstone ilikuwa mkono wa kushoto, imesimama wima kana kwamba imechomoka majini asubuhi hiyo hiyo, na chini yake vijiji vilivyojishikiza kwenye vipande vya mchanga. Benchi za sitahani zilikuwa za mbao, zimelainishwa na makalio ya miaka mingi. Akina mama wa Kikisi walikuwa wakirudi kutoka kuuza vyungu Lyulilo, karibu na Matema, na vile vilivyobaki walikuwa wamevipanga ndani ya majani makavu. Mabaharia walipita kati ya vyungu hivyo usiku, gizani, bila kuvunja hata kimoja. Wali wa Kyela uliletwa kwenye sahani ya bati iliyopakwa rangi nyeupe, na juu yake kipande cha mbasa, samaki ambaye ukimla ziwani jioni hutamtamani tena wa friji. Mnyakyusa alisalimiwa kwa lugha yake. Mhehe akaambiwa “Kamwene”, ingawa aliyemsalimia hakuwa Mhehe. Na jua lilipokuwa linazama, nahodha aliteremka mwenyewe mpaka daraja la tatu akawauliza wazee kama wamekula.

Ngoja nieleze jambo moja kwa kituo, maana humo ndimo meli ndogo ilipokuwa kubwa. Vijiji vingi vya mwambao ule havikuwa na gati. Meli ilisimama nje kidogo, ikapiga honi, na kwenye giza la ufukweni zikaanza kuwaka taa, moja, tatu, kumi. Kisha sauti za kasia. Mitumbwi ikaja ubavuni. Usiku ule, mahali fulani kabla ya Lupingu, alikuwepo bibi mmoja wa kushuka, mwembamba, haoni vizuri. Baharia mmoja alipiga magoti ukingoni akamshika chini ya makwapa. Mwenzake alikuwa ameshateremka mtumbwini, miguu ameitanua ili usiyumbe. Wimbi likanyanyua mtumbwi, likaushusha. Wakasubiri. Likanyanyua tena, wakasubiri tena. Mara ya tatu yule wa chini akasema, “Niachie,” na bibi akahama mkono hadi mkono kama yai. Meli nzima ilikuwa imesimama kwa ajili yake. Hakuna aliyelalamika kwamba tunachelewa. Fimbo yake ilifuata, kisha kikapu, kisha kuku.

Leo tunazungumziaje meli? Tunataja urefu wake. Tunataja tani. Tunataja mabilioni yaliyolipwa na kiongozi aliyekata utepe. Tulipokea kwa vifijo meli kubwa ya watalii Norwegian Dawn ilipotia nanga Dar es Salaam Januari 2024 na wageni zaidi ya 2,000, na mwezi huo huo dunia ilikuwa ikiishangilia Icon of the Seas, mji unaoelea wenye nafasi ya abiria zaidi ya 7,000. Ziwa Victoria tumelitengenezea MV Mwanza ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Sina ugomvi na Mwanza. Wana watu wengi na wanastahili. Ugomvi wangu ni na kipimo. Tumejizoesha kuamini kwamba meli ikiwa kubwa ndipo imekuwa maendeleo, na ikiwa ndogo ni aibu ya kufichwa nyuma ya ghala.

Na ndani ya vyombo vyetu vipya, tumeweka nini? Nimepanda boti kadhaa miaka hii, na sitazitaja. Madirisha yamefungwa hayafunguki. Viti vimepangwa vyote kutazama mbele kama vya basi, na mbele hakuna maji wala mlima, kuna televisheni inayopiga kelele. Nje kuna moja ya mandhari nzuri kuliko zote ambazo Mungu ameipa nchi hii, na abiria amepewa kisogo cha mwenzake na mfuko wa kutapikia. Nani aliyeamua kwamba Mtanzania akishalipa nauli hana haja ya upepo? Tumeichukua daladala tukaitia majini, tena tukaona tumeendelea!

Nitajibiwa kwamba nimelewa kumbukumbu, kwamba meli za zamani zilikuwa chakavu na zinaua. Jibu hilo nalijua, na linanikasirisha kuliko yote, kwa sababu limewageuzia kibao wasiohusika. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, mamia wakafa. MV Nyerere ilizama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Nenda Unguja ukawaulize watu juu ya MV Spice Islander iliyozama mwaka 2011. Kila mara tunaunda tume, na kila mara tunaambiwa habari za uzito, mizani, injini. Sawa. Lakini kabla ya uzito kulikuwa na ngazi, na juu ya ngazi kulikuwa na mtu, na mtu huyo hakusema “imejaa”. Au alisema, kisha pochi ikafunguka.

Ndiyo maana nazikumbuka njiti za kiberiti. Madaha ya meli ile hayakuwa mapambo. Wali ulitosha kwa sababu watu walikuwa wamehesabiwa. Bibi aliteremshwa taratibu kwa sababu sitaha haikuwa imefurika hata baharia akose pa kupiga magoti. Mtu anayekuacha gatini kwa heshima ndiye atakayekufikisha. Mama alinuna wiki nzima na alikuwa na haki ya kununa. Lakini alifika Lupingu akiwa hai, na sisi tukiwa hai, na hakuna kikombe cha chai kilichomwagika.

Hoja ya uchakavu nayo haisimami. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma kwa vipande ndani ya masanduku, ikaelea mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wasiiachie adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wakapaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya. Watu wa Kasanga, mkoani Rukwa, wameipanda wao, baba zao na babu zao. Kilichoiokoa ni mafundi waliokumbuka grisi hata katika siku ya kukimbia. Wamalawi, kwenye Ziwa Nyasa hili hili letu, wana Ilala yao tangu mwaka 1951. Imekwama mara kadhaa, wameitengeneza, imerudi. Nasi tulipotaka, tuliweza: MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikarabatiwa ikarudi Ziwa Victoria mwaka 2020. Kwa hiyo tusidanganyane. Meli inakufa pale mwenye nayo anapoacha kuijali.

Sasa nizungumze na wakubwa, na nitazungumza kwa hesabu maana ndiyo lugha wanayoipenda. Kule Kyela, Serikali imejenga meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja tani 1,000. Ikajenga moja ya abiria, MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, yenye nafasi ya watu 200 na tani 200 za mizigo. Zote zimejengwa na kampuni ya Kitanzania, katika ardhi ya Kyela, na najivunia hilo bila kificho. Lakini tazameni uwiano. Kwa makaa ya mawe na saruji tumeona haja ya tani 2,000. Kwa watu wa Lumbila, Makonde, Lupingu, Manda, Liuli hadi Mbamba Bay, ambao kwa miaka mingi ziwa ndilo limekuwa barabara yao, hospitali yao na njia ya watoto wao kwenda sekondari, tumeona viti 200 vinatosha. Makaa ya mawe hayana shida ya kusubiri mvua ipite. Mjamzito wa Makonde anayo.

Pasipo na meli ya kuaminika watu hawakai nyumbani. Wanapanda boti za mbao. Kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini unapolichafua ziwa, boti hizo zinatembea zimejaa mahindi, dagaa, magodoro na watoto, ukingo wa boti umebaki kiganja kimoja kufikia maji. Chini yao kuna kina kinachofika mita 700 mahali penye kina kikubwa. Hayo ndiyo maendeleo tuliyowapa watu ambao mwaka 1989 walikuwa wanaulizwa na nahodha kama wamekula.

Sitaki meli ya abiria 1,200 Itungi. Itakwama kwenye mchanga ambao mito inaumwaga pale kila masika, na hata isipokwama, itasubiri ijae ndipo iondoke, na kijiji cha nyumba hamsini hakitasimamiwa na jitu kama hilo. Nataka meli ndogo mbili, tatu, zinazopishana. Nataka zijengwe na mafundi wale wale waliojenga MV Mbeya II. Benchi ziwe nje, zikiangalia mlima. Choo kiwe na maji. Ziwa limejaa maji, hakuna udhuru. Jikoni wapike mchele wa Kyela na mbasa wa siku hiyo, wasituuzie biskuti. Mabaharia wafundishwe kumshika mtu mzima bila kumuumiza, na wapewe mshahara utakaowawezesha kuifunga pochi ya mtu bila kuitazama mara mbili.

Na ratiba. Zaidi ya rangi, zaidi ya injini, ratiba. Mpeni mtu wa Lupingu siku yake ya wiki, isiyohamishwa na mgeni rasmi wala kusubiri shehena. Mama yangu yuko Iringa, nywele zote nyeupe, na bado akitaja safari ya kwao hasemi tarehe, anasema “Alhamisi”. Alhamisi inatosha. Ibandikwe ukutani pale Itungi kwa maandishi makubwa, na juu ya ngazi asimamishwe kijana mwenye shati lililopigwa pasi na njiti za kutosha mfukoni.