Chaja za Mafundi Wetu

Wakazi wa Unguja hawajaisahau miezi mitatu ya giza, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme utokao Bara ulipopata hitilafu. Si nyumba chache ambazo zimejiwekea beteri, na wavuvi wa dagaa nao wengi wameziacha karabai wakashika taa za beteri.

Beteri hizo mara nyingi huchajiwa kwa kipunguza volti ambacho fundi wa redio amekitoa katika chombo kikuukuu na kukigeuza chaja. Twawapongeza mafundi hao. Hata hivyo, kipunguza volti si chaja.

Kazi yake ni kupokea volti nyingi, kama 18 za paneli ya jua, na kutoa chache zisizobadilika. Redio huchukua umeme inaouhitaji tu. Beteri iliyokwisha hunyonya kwa pupa, kifaa kikapata moto hata kikaungua. Tena jua likizama, beteri huurudisha umeme kinyumenyume ndani ya kifaa kile kile.

Dawa yake si ghali. Fundi achague kifaa chenye skrubu mbili, ya volti na ya ampea, na mkondo auweke kwenye sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa beteri, yaani ampea 4 kwa beteri ya ampea-saa 40. Atie dayodi ili umeme usirudi, na kwa kuwa dayodi nayo hula volti kidogo, mita aiweke baada yake, si kabla. Beteri ya asidi ya volti 12 isipite 14.4, ikiwa itaachwa imeunganishwa siku zote, basi 13.8, na kwa joto letu hili kupunguza kidogo zaidi si kosa. Ikizidishiwa, maji yake hugeuka gesi, mojawapo haidrojeni, ambayo cheche moja yatosha kuilipua.

Lithiamu ndiyo inayotutia hofu zaidi. Seli tatu za kawaida zilizofungwa mfululizo hazitakiwi kupita volti 12.6. Anayeziunganisha na chaja iliyowekwa 14.4, kwa hoja kwamba zote ni "za volti 12", huenda ameweka moto chini ya kitanda chake.

Kwa hiyo twawageukia wakuu. Kupiga marufuku hakutafaa kitu, kwani watu watachaji kwa siri. Tunaomba vituo vya mafunzo ya amali, Unguja na Pemba, vifundishe kazi hii kwa mafundi walioko mitaani, wenye vyeti na wasio navyo. Taasisi ya Viwango Zanzibar nayo ipokee chaja ya fundi yeyote, iipime bila malipo, na kuibandika karatasi yenye volti zake na aina ya beteri inayoifaa. Masheha wa Tumbatu na Kojani waarifiwe mapema siku za upimaji, maana si haki mtu avuke bahari na beteri begani, kisha akute mlango umefungwa.