Tovuti yako, ukurasa wa wakora

Tovuti ya duka la keki inafunguka kama kawaida, picha ziko sawa, bei ziko sawa, kumbe ndani yake kuna ukurasa feki wa benki. Mkora hana haja na keki. Anataka anwani safi isiyoshukiwa, atume linki, watu waingie na kuacha paswadi zao hapo.

Mwenye duka mara nyingi hujua Google ikishaweka onyo jekundu na wateja kuhepa. Wengi hufuta ukurasa huo na kushukuru Mungu, ilhali mlango ulioingiliwa uko wazi: pengine plagini ya WordPress isiyosasishwa, au paswadi ambayo hata shemeji anaijua. Mkora naye huenda ameshajifungulia akaunti ya siri ya admini. Hifadhi ushahidi kwanza, pigia kampuni inayohifadhi tovuti, badilisha paswadi zote, rudisha nakala safi na uisasishe. Ndipo uombe Google ikague upya. Ripoti pia kwa KE-CIRT. Data ya wateja ikiibwa na wako hatarini, sheria ya 2019 inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data.

Sheria ya 2018 ilimwekea mkora kama huyu faini ya hadi Sh300,000, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Sawa, lakini kumnasa ni kibarua. Naona tatizo likianzia kwa bajeti: jamaa wa tovuti analipwa mara moja, anaishia, na hakuna anayelipwa kuichunga. Kabla ya kumtumia deposti, muulize nani atasasisha plagini Desemba akiwa ocha.