Daftari Nalo ni Kitabu

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu Kiyovu mambo yamegeuka: daftari lenyewe ndiyo mali, na ndilo linalotaka kupotea. Tumeambiwa chumba chetu kitahama, na kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya maktaba mtandaoni hakitabebwa. Na orodha hiyo haiyataki madaftari yetu. Inataka namba.

Nieleze kwa wale ambao hawajafika. Tuna chumba kimoja Kiyovu, cha kuazima. Wengi wetu hatulali Kiyovu, tunaipanda tu Jumamosi mchana kutoka Gikondo, Nyamirambo na Kimisagara. Chumbani kuna rafu mbili, meza ndefu na dadu za kila aina, mpaka ile ya pande ishirini. Vitabu vilikuja kwenye maboksi ya msaada. Kulikuwa na riwaya, kamusi, vitabu vya shule, na katikati yake vitabu vinene vyenye picha za mazimwi na mashujaa. Hivyo ni vitabu vya michezo ya kusimulia mezani.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Watu wanne au watano wanakaa. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake ameandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anasema: mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanya nini? Mnajadiliana, mnaamua, kisha dadu inasema kama mmefaulu. Hakuna kompyuta, hakuna umeme, hakuna mshindi. Nina vijana waliokaa miezi bila kusema neno mbele za watu, na leo wanabishana nusu saa nzima kuhusu kamba na mtumbwi. Mimi ni mfanyakazi wa vijana, si daktari wa akili, kwa hiyo sitatia chumvi. Ninasema nilichokiona tu: wanaongea.

Baadaye wakachoka na misitu ya Ulaya. Wakaanza kuandika visa vyao. Sasa tuna madaftari kumi na moja: kuna kisa cha wavuvi wa Ziwa Tanganyika, kuna kisa cha lori lililopotea njia ya Uvira, kuna viumbe waliotoka kwenye hadithi za bibi zao. Daftari mbili ni kanuni tupu, zimetafsiriwa kwa Kiswahili chetu hiki cha mchanganyiko, ili hata asiyejua Kiingereza asimulie.

Basi, shirika linalotusaidia likaomba orodha. Sina ubaya nalo, orodha ni jambo jema. Kazi nikapewa mimi, kwa simu, kwenye programu ya maktaba binafsi ya mtandaoni. Unaelekeza kamera kwenye ile mistari nyuma ya kitabu, namba inasomwa, na jina, mwandishi na picha ya jalada vinakuja vyenyewe. Riwaya ziliisha asubuhi moja. Kisha nikafika kwenye michezo, na hapo ndipo nikaona programu inavyofikiri.

Chukua kitabu kinachoitwa Player's Handbook, cha mchezo wa Dungeons & Dragons. Kuna cha mwaka 1978, cha 1989, cha 2000, cha 2003, cha 2008, cha 2014 na cha 2024. Jina ni lile lile, kanuni si zile zile. Mhusika aliyeundwa kwa kitabu cha 2008 hawezi kukaa kwenye mchezo wa kitabu cha 2014, hesabu zake zinagoma. Lakini kwenye orodha vinaonekana vitabu viwili vya jina moja. Mtu wa ofisini akaangalia, akaandika pembeni: nakala ya ziada, igawiwe. Bana, hiyo ni kutoa kiatu kimoja ukapeleka Kigeme, kingine ukabaki nacho Kigali, halafu ukaandika kwenye ripoti kwamba watu wawili wamevishwa.

Kuna maboksi ambayo namba yake ni ya duka, siyo ya kitabu. Ukipiga kamera, jibu ni hakuna. Kuna ramani na visa vya kurasa kumi na sita ambavyo havina namba kabisa. Kuna vitabu vilivyoandikwa na watu sita, na programu inamshika mmoja na kuwatupa watano. Na kuna lile swali aliloniuliza kijana mmoja akishika kitabu cha viumbe: “Yaya, hii iko kitabu ao iko mchezo?” Ni vyote viwili. Programu ilitaka nichague kimoja. Nikichagua mchezo, ofisi inakiweka pamoja na mipira na kamba za kuruka, vitu vinavyohesabiwa kuwa vimechakaa baada ya mwaka. Nikichagua kitabu, wananiuliza mbona hakisomwi kama kitabu.

Madaftari kumi na moja ndiyo hayakuwa na mlango wowote. Yako bila namba, bila mchapishaji, bila mwaka. Nikaambiwa: hayo ni vifaa vya darasa, kama chaki.

Hapo ndipo ninapokataa. Kwanza tuulizane hii namba ni nini. ISBN ilikubaliwa kimataifa mwaka 1970, kwa ajili ya biashara ya vitabu, na kuanzia 2007 ikawa na tarakimu 13 badala ya 10. Ukiona 9966 ndani yake, kitabu kimetoka Kenya. 9970 ni Uganda. 9976 na 9987 ni Tanzania. Ni kazi nzuri sana kwa mwenye duka anayeagiza vitabu. Lakini namba haisemi kama kitabu ni kizuri, wala kama kuna mtu amewahi kukifungua. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Vitabu alivyovitoa akiwa hai havikuwa na ISBN, kwa sababu ISBN haikuwapo. Nani atasimama mbele ya Mswahili aseme havikuwa vitabu?

Hata hiyo Dungeons & Dragons yenyewe ilianzaje? Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa vijitabu vitatu ndani ya boksi dogo, nakala 1,000 tu za mwanzo, na maboksi yalipangwa kwa mkono nyumbani kwa Gygax, katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin. Boksi lile lisingesomwa na kamera ya simu yangu. Lingewekwa pamoja na chaki. Vijana wetu wako pale pale walipokuwa wale watu mwaka 1974: karatasi, kalamu, meza, na kisa ambacho hakuna mwingine anacho.

Na asije mtu akasema kutafsiri kanuni ni wizi. Mwezi wa Januari 2023 kampuni yenye mchezo ilitoa kanuni zake za msingi, kurasa mia nne hivi, kwa leseni ya Creative Commons. Maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri, kuzichapisha, hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Vijana wetu wametafsiri hizo, na wametaja. Kwa hiyo kazi yao ni halali kabisa mbele ya sheria. Kinachokosekana ni nafasi kwenye orodha tu.

Mtu wa maktaba atanijibu: sawa, acha ISBN, tumia mpangilio wa Dewey, huo ni wa elimu, si wa biashara. Haya, tuuangalie. Melvil Dewey aliutoa Marekani mwaka 1876. Fasihi ya Kiingereza ina 820 yote, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840. Fasihi za lugha nyingi za Kiafrika, kutoka Dakar mpaka Zanzibar, zimebanwa ndani ya 896, kwenye kona ya “nyinginezo”. Michezo ya kusimulia ina 793.93, pamoja na michezo ya sebuleni. Sasa kisa cha wavuvi wa Tanganyika, kilichoandikwa kwa Kiswahili ili kichezwe, nikiweke wapi? Yule aliyepanga rafu alipanga kwa vitabu alivyokuwa navyo mezani kwake. Simlaumu. Lakini na sisi tuna meza yetu.

Sisi wakimbizi hatuhitaji semina kuhusu nguvu ya orodha. Kuna mtu kambini asiyejua siku ya uhakiki? Mtoto yupo, analia mgongoni, lakini jina lake halijaingia, basi hela yake ya chakula haitoki. Sisemi daftari ni sawa na mtoto. Nasema tunajua jinsi inavyokwenda: orodha inaanza kama kumbukumbu ya vilivyopo, halafu siku moja inakuwa amri ya nini kiwepo. Kwa hiyo ni lazima tubishane nayo mapema, kabla gari la kuhamisha halijafika.

Najua wazazi wetu wengine wanafurahi kimoyomoyo. Papa mmoja aliniita nje akasema: “Mutoto, ile vitabu ya mashetani munaileta huku juu ya nini?” Nilimjibu kwa heshima: Papa, hata Biblia ina joka, soma Ufunuo sura ya 12, na hakuna anayeliabudu. Marekani nako, miaka ya themanini, kuna wazazi walisema mchezo huu ni uchawi, na watoto wale leo ni watu wazima wenye watoto wao. Kuhusu dadu, hakuna senti inayowekwa mezani. Kamari ni pesa, na kwetu kinachopotea dadu ikikataa ni mtumbwi wa kusimuliwa. Wazazi, njooni mkae Jumamosi moja. Mtasikia mtoto wenu akisimulia kama bibi yake, “Paukwa!” na wenzake “Pakawa!”, halafu mwamue.

Na nyinyi vijana mnaosema “yote iko kwenye simu, orodha ya nini?”, hebu tuambizane ukweli. Simu ngapi zimeuzwa mwaka huu kulipa kodi ya nyumba? Ngapi zimeanguka kwenye moto, yaani pikipiki? Kisa cha lori la Uvira kingekuwa kwenye simu tu, leo tusingekuwa nacho.

Ndugu zetu wa mashirika, hatuombi kitu kigeni. Mwaka 2014, kambi za Burundi walikokuwa Wakongomani, Maktaba Bila Mipaka walipeleka yale masanduku yao ya Ideas Box, aliyoyabuni Philippe Starck. Ndani yake vitabu vilikaa pamoja na michezo ya mezani na vifaa vya kutengenezea filamu. Hawakuuliza kama mchezo unastahili kukaa karibu na kitabu. Walijua mtu wa kambini anahitaji kusoma, kucheza na kutunga, na mara nyingi anafanya yote matatu kwa mpigo.

Kwa hiyo tunachodai ni hiki. Programu hizi karibu zote zina mlango wa kuingiza kitabu kwa mkono, bila namba. Utumike. Kila kitu kipewe namba yetu wenyewe, KY-1, KY-2, iandikwe kwa kalamu ndani ya jalada. Picha ya jalada tupige kwa simu. Kwenye jina la kitabu cha mchezo tuongeze mchezo gani na toleo la mwaka gani, ili mtu asiite ndugu wawili nakala moja. Sehemu ya lebo tuandike kitabu ni cha kazi gani: kanuni, msimulizi, viumbe, au kisa. Sehemu ya maelezo tuseme wachezaji wangapi, dadu zipi, lugha gani, na kama kinachezeka bila kitabu kingine. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, kwa sababu ndilo litakalomwambia mtu wa Mahama au Kiziba kama boksi analoletewa litafunguka mezani au litabaki mapambo.

Na madaftari yaingie kama vitabu. Waandishi watajwe kwa majina wanayotaka wenyewe, maana si kila mtu kwetu anaweza kuweka jina lake mtandaoni. Mchapishaji: chumba cha Kiyovu. Lugha: Kiswahili. Mwaka upo, tunaukumbuka.

Namba za ISBN sizikatai. Ofisi ikitaka kuagiza nakala kumi za kamusi, bila namba italetewa kamusi nyingine. Zikae mahali pake, kwenye vitabu vilivyo nazo. Ninachokataa ni namba kuwa mlinzi wa mlangoni, anayeuliza kitambulisho kabla ya kuuliza shida.

Jumamosi hii na inayofuata tunaandika orodha upya, kuanzia saa nane mchana, madaftari kwanza. Mwenye simu yenye chaji aje nayo. Mtu wa shirika anayepinga naye aje, tumpe daftari la wavuvi, akae, asimuliwe. Akiinuka pale mezani na bado anasema ni chaki, basi alete kalamu yake aliandike hilo kwenye orodha kwa mkono wake mwenyewe, na sahihi chini.