Vitshumbi: Kupona corona si kupata kinga ya maisha

Vitshumbi, Kivu Kaskazini – Kuna neno linalozunguka kati ya wavuvi wa Ziwa Edouard na jamaa za wahami mpaka Goma: «Corona ilitupita, mwili wetu una nguvu, chanjo ni ya nini?» Neno hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inaua kama uongo.

Ni kweli kwamba mwili una askari wake. Virusi vya corona vikiingia puani, askari wa kwanza wanapiga kelele: homa, maumivu, uchovu. Baada ya juma moja hivi wanafika wale wanaomjua adui huyo peke yake. Wengine wanaua chembe za mwili zilizokwisha kushikwa, wengine wanatengeneza kingamwili zinazozuia virusi kuingia kwingine. Ndivyo wengi walivyopona.

Lakini wanaojisifu wanaficha mambo matatu.

Kwanza, kinga inapungua. Kingamwili zinashuka baada ya miezi. Kumbukumbu inabaki ndani na inasaidia ugonjwa usiwe mkali, ila haizuii mtu kuambukizwa tena. Omicron, iliyotangazwa Novemba 2021 kusini mwa Afrika, iliwarudia wengi waliokwisha kupona. Kijana anaweza kukohoa siku mbili tu na kumwambukiza bibi yake anayelala naye katika hema moja.

Pili, kifua kipana si ngao. Kwa wagonjwa wengine kinga yenyewe inapita kiasi na kuumiza mapafu. Ndiyo sababu tangu Juni 2020 waganga wanawapa wagonjwa wanaohitaji oksijeni deksametazoni, dawa ya kutuliza kinga.

Tatu, ni mwili wa nani huo wenye nguvu? Mama aliyekimbia vita analala chini na kula mara moja kwa siku. Mtoto wake ana utapiamlo. Askari wa miili yao wana njaa. Kuwaambia «mwili utajitetea» ni kuwadhihaki.

Chanjo inawafundisha askari hao kumjua adui kabla hajafika. Wenyeji wa Kivu Kaskazini wanalijua hilo: chanjo ilisaidia kuzima Ebola, iliyoua watu zaidi ya 2.200 mashariki mwa Congo mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020.

Wakubwa nao wana deni. Machi 2021 Congo ilipokea dozi milioni 1,7 za AstraZeneca. Kampeni ikaahirishwa, uvumi ukajaza nafasi, na dozi karibu milioni 1,3 zikapelekwa nchi nyingine zisiharibike hapa. Nani aliwaeleza raia sababu, kwa lugha wanayoisikia?

Leo watoto ndio wanaolipa. Mzazi aliyefundishwa kuogopa sindano ya corona anamficha mtoto hata siku ya chanjo ya surua. Na surua ni mbaya kuliko wanavyodhani: inafuta kumbukumbu ya kinga ambayo mtoto alikuwa nayo dhidi ya magonjwa mengine. Katika mlipuko wa 2019 surua iliua watu zaidi ya 6.000 nchini, wengi wao watoto.

Basi anayesema mwili unatosha, aseme hivyo mbele ya mama aliyezika. Na wenye madaraka walete chakula, maji safi na maelezo pamoja na sindano. Kinga haijengwi kwa majivuno.