Sima Yi Hastahiki Dharau

Katika Sanguosha, mchezo wa karata wa Kichina ambamo mfalme peke yake hujidhihirisha, ilhali watiifu, waasi na jasusi wameficha nyadhifa zao, wengi humdharau mhusika Sima Yi, kwa kuwa uhai wake ni alama 3 tu. Nami naona wanamdhulumu. Kwani karata ya hukumu inapofunuliwa, ikawa ni shupaza ya 2 hadi 9, na radi i karibu kumwangukia mtu, yeye aweza kuibadili kwa karata ya mkononi mwake, na humnyang'anya karata yule aliyemjeruhi. (Hasimu gani atakayemshambulia bila hadhari?) Lakini, ewe mchezaji, usimwokoe mtu kwa pupa, maana rehema hiyo huifichua siri yako, bali weka mkononi kopa ya kuizuia radi, nawe usubiri.